Nani Anakula Nafasi ya Kompyuta

Jumatatu, 6 Juni 1994
Umeme umerudi saa nne. Nimetoa kitambaa, nimefuta vumbi, nimewasha. Barua tatu za kisima cha Butiama zimetoka vizuri. Ya pampu ya Kisorya ikagoma. Kompyuta inasema kwa Kizungu kwamba diski imejaa. Imejaaje? Wazungu walipoileta mwaka juzi walisema hatutaimaliza hata miaka kumi.

Hapa ofisi ya mradi wa maji tuko watatu tu: Meneja, mimi katibu muhtasi, na Magesa wa masijala. Magesa karudi leo kutoka likizo ya wiki mbili, mkewe kajifungua. Kaniletea mihogo ya kwao Nyamuswa. Nimeshukuru kwa mdomo tu, kichwa kilikuwa kwenye kompyuta.

Meneja kafoka. Ripoti ya wafadhili inatakiwa mwisho wa mwezi, itaandikwa wapi? Na wafadhili hao hao wanataka mfanyakazi mmoja apunguzwe. Mimi au Magesa. Mji mzima ni habari hiyo hiyo, kupunguzwa. Mwanangu Rukia yuko kidato cha pili, baba yake ni marehemu. Siondoki mimi.

Jumanne, 7 Juni
Nimempata mwizi wa nafasi.

Saa saba unusu nimerudi kuchukua mwavuli. Magesa kakaa kwenye kiti changu, anacheza karata ndani ya kompyuta. Karata! Kashtuka kama kafumaniwa. Nimekwenda moja kwa moja kwa Meneja nikamwaga yote.

Sijisikii vibaya. Kijana nimemfundisha mwenyewe kuandika barua ya kiofisi, halafu ananijazia mashine michezo.

Jumatano, 8 Juni
Meneja kafuta zile karata mwenyewe. Funguo ya chumba cha kompyuta nimekabidhiwa mimi peke yangu. Magesa hakubisha. Aliniangalia, akaangalia viatu vyake, akarudi kwenye majalada.

Meneja hana uhakika kama karata ndizo zilizojaza. Kanionyesha namba ya nafasi iliyobaki, inavyotokea chini ya orodha ya mafaili. Niiandike asubuhi na jioni. Ikipungua bila sababu, kuna mtu anaingia. Nimempenda Meneja leo. Mtego ni mzuri.

Alhamisi, 9 Juni
Asubuhi: laki mbili na tisini elfu. Jioni: thelathini elfu na kitu.

Nimeganda. Barua nilizoandika ni tisa tu! Funguo ilikuwa kwenye mkoba wangu, na nilitoka mara moja tu kwenda kuswali adhuhuri. Kwa hiyo Magesa ana funguo ya pili. Nimemwambia Meneja hivyo hivyo. Akaniuliza, una hakika, Mama Rukia? Nikasema ninayo.

Akasema basi, jina limepatikana.

Nilidhani nitafurahi. Nimekula samaki wawili, furu, na ugali kidogo, nikaacha.

Ijumaa, 10 Juni
Astaghfirullah.

Asubuhi Meneja kanipa barua ya Magesa niichape. Kusitishwa ajira kuanzia leo. Nakala sita: Mkuu wa Wilaya, Mhandisi wa Maji, ofisi ya Bunda, ofisi ya Mwanza, wafadhili, jalada. Nikaichapa kama ninavyochapaga zote. Nikaihifadhi. Halafu nakala ya kwanza nikaihifadhi kwenye jalada la Mkuu wa Wilaya. Ya pili kwenye jalada la Mhandisi. Kila mwenye nakala nilishamfungulia jalada lake mle ndani. Ndivyo nilivyofundishwa chuo cha uhazili: barua na nakala sita, karatasi saba, kaboni sita. Kompyuta haina kaboni, kwa hiyo nahifadhi moja moja.

Meneja kaletewa barua zote saba, kasaini, Magesa kaitwa. Katoka na bahasha.

Mimi nikarudi kuandika namba ya mtego. Asubuhi ilikuwa thelathini elfu na kitu. Sasa elfu mbili na kitu. Kwa barua moja! Magesa hajaukaribia mlango.

Nikafuta nakala ya mwisho, nijaribu. Namba ikapanda elfu nne. Nikairudisha. Ikashuka elfu nne. Nikafuta ya Mwanza. Ikapanda.

Nikafungua jalada la Bunda. Barua zangu. Jalada la Mhandisi, barua zile zile. Barua ya nati za pampu ya Kisorya, mistari mitano, imo mara saba.

Ni mimi. Wallahi ni mimi. Hakuna mwizi mwingine humu.

Nimetoka mbio, masijala tupu. Magesa kashapanda basi.

Jumamosi, 11 Juni
Nimekaa nyumbani. Mara mbili nimevaa niende kwa Meneja, mara mbili nimevua baibui. Nikisema, ninaondoka mimi. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Ninaweza kuzifuta polepole, nafasi irudi, Meneja aone kweli Magesa ndiye alikuwa tatizo.

Nimewaza hivyo, sijifichi. Nimewaza hivyo kuanzia asubuhi mpaka alasiri.

Jumapili, 12 Juni
Nimekwenda Nyamuswa. Nilitaka nimwone kwanza, halafu nijue nitafanya nini.

Nimemkuta shambani kwa mama yake, wanavuna pamba. Mkewe kanipa maji na kiti, hakukaa nami. Mtoto kalala kwenye kanga. Magesa kaja, kanipa shikamoo kama kawaida, hilo tu lilinichoma.

Nikamwambia yote. Nakala, majalada, namba. Nilitegemea atashangaa. Hakushangaa hata kidogo. Alikuwa anatoa majani makavu kwenye pamba, akaendelea kuyatoa.

"Nilijua, mama," akasema. "Zile nakala zako za zamani nilikuwa nazifutaga mchana, ukienda kula. Karata nilikuwa nafungua nikisikia viatu vyako."

Sikuelewa mpaka aliporudia. Mwaka mzima! Mwaka mzima huyu kijana anakaa na njaa mchana kunifanyia usafi, na mimi nasema Wazungu wametuletea mashine nzuri haijai. Kaenda likizo wiki mbili, imejaa. Karudi, hata hajamaliza kufuta, nikamfukuzisha kazi.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningeanzaje? Wewe ndiye ulinifundisha barua."

Hakucheka aliposema. Kanikasirikia, na ana haki. Akaongeza kwamba la karata angevumilia, ila la funguo ya pili limemuuma, maana Meneja alimpekua mifuko mbele ya dereva wa Mhandisi wa Maji. Sikulijua hilo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaomba radhi. Akasema sawa, lakini ile sawa ya kumaliza maneno.

Jumatatu, 13 Juni
Nimemwambia Meneja asubuhi, kabla hajavua koti. Nimemwonyesha namba ikipanda na kushuka. Akakaa kwenye kiti changu, akajaribu mwenyewe.

"Mama Rukia, wafadhili bado wanataka jina moja. Unajua unachosema maana yake ni nini?"

Nikasema najua. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Naogopa. Nina cherehani ya marehemu baba Rukia na miezi miwili ya notisi. Rukia nimemwambia, akalia, halafu akaniuliza kama Magesa atarudi. Nikamwambia atarudi.

Alhamisi, 16 Juni
Magesa karipoti kazini jana. Barua yake imefutwa. Jina lililokwenda kwa wafadhili ni langu.

Hatuongei sana. Leo kaleta kiti chake chumba cha kompyuta, nikamwonyesha namna ya kupanga ripoti: kichwa cha habari, aya zenye namba, mahali pa saini. Anachapa kwa vidole viwili, anabonyeza kwa nguvu mno. Nimemwambia apunguze nguvu. Kwenye ukurasa wa tatu umeme ukakatika, tukakaa tukiusubiri.