Springi za Mama Odette

Ijumaa, 12 Machi 1993

Angalau sauti ya gitaa imeacha kutetemeka. Kapasita moja tu, kile kifaa kidogo cha kutunza umeme, ilikuwa imechoka, ila Mama Odette, mwenye baa, alishaamua kwamba amplifaya yake kuukuu inaogopa vita vinavyosogea kuelekea mji wetu.

Kilichonichosha ni springi za mwangwi, zile zilizo ndani ya amplifaya zinazofanya sauti ijirudie. Mtu akikanyaga sakafu kwa nguvu zinagongana, spika inanguruma kama bomu, na baa nzima inaingia chini ya meza. Leo nikagundua zinanguruma pale tu chupa ya mteja wetu Fideli inapokuwa tupu. Anakanyaga, watu wanajificha, anakunywa bia zao.

“Fundi, usiseme,” akaniomba. “Mimi iko na kiu tu.”

Nikasema. Watu wakacheka mpaka wakamsamehe. Nikazing’oa springi nizifunge upya, nikaziweka mezani.

Saa moja jioni ngurumo ikarudi, madirisha yakatikisika. Hakuna aliyeinama.

“Fideli, acha,” Mama Odette akasema. “Tumeshakujua.”

Fideli peke yake alikuwa chini ya meza. Springi zilikuwa mbele yangu, hazijaunganishwa na kitu chochote, nazo zilikuwa zinatetemeka.