Mstari wa Upepo Nilioukata

Jumamosi, mwisho wa Agosti. Mbeere, saa moja kasoro jioni.

Jua limezama sasa hivi na upepo haujapunguza hata kidogo. Mabati ya jikoni yanapigapiga. Nimekaa mlangoni kwa baba mkwe, simu mkononi, na kutoka hapa naona kipande cha bwawa katikati ya migunga miwili. Maji yamekuwa meusi, na juu yake povu jeupe linakimbia. Boti siioni.

Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitaanza kulia, na leo nikianza sitanyamaza.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniuma. Embu mjini niliacha ukungu na baridi ya kuvaa sweta mbili, lakini huku chini jua lilitoka mapema, hewa ikatulia, maji yakalala kama uji uliopoa kwenye sufuria. Ungeniuliza saa moja asubuhi, ningekuapia kwamba Mungu mwenyewe ameipanga hii siku.

Shemeji yangu Ireri, mdogo wa mume wangu, anaoa ng'ambo ya bwawa, Ukambani. Leo ilikuwa siku ya kupeleka mbuzi wa ntheo. Ni mbuzi watatu tu, lakini kwa Wakamba bila hao hujaoa. Hata mzae watoto watano, msichana bado ni wa kwao. Na mmoja wao lazima achinjwe huko huko na aliwe leo leo, pande zote mbili zikiwa zimekaa pamoja. Ukiondoka kabla ya nyama kuisha umewatukana.

Kuzunguka kwa barabara na mbuzi ndani ya pikapu ni nusu siku ya vumbi. Kwa boti ni kama dakika arobaini. Nani angezunguka?

Waliondoka saa mbili, watu kumi na mmoja. Nyaga, mume wangu. Ireri na shati lake jipya. Baba mkwe na suti yake ya kahawia, ile ya harusi zote. Mashangazi, wazee wawili wa ukoo, na Njeru mwenye boti. Na Wanjira wangu, miaka saba, aliyelia jana nzima mpaka akaruhusiwa kwa sababu hajawahi kuona mbuzi akipanda boti. Nilimvalisha mwenyewe jaketi ya kuelea, ya rangi ya machungwa. Ilikuwa ya mtu mzima, ikamfika magotini. Baba mkwe alikataa yake, akasema itamkunjia suti.

Mimi sikwenda. Niliwaambia kichwa kinaniuma.

Kichwa hakikuwa kinaniuma. Naogopa maji. Nimezaliwa Kibirichia, juu mlimani kwenye viazi na baridi, na maji mengi niliyoyajua utotoni ni yale ya tangi. Hapa wananiita "mtu wa waru", yaani wa viazi, tunacheka yanaisha. Kwa hivyo nilidanganya, nikabaki, na mtoto wangu nikampandisha kwenye boti ambamo mimi mwenyewe nisingeweka mguu.

Nimeisoma tena hiyo sentensi. Iko hivyo hivyo.

Sasa niseme la pili, ambalo ni baya zaidi.

Ninyi mnaosoma hapa mnajua kazi yangu. Kila Alhamisi tunapokea ofisini taarifa ya hali ya hewa, kurasa mbili za lugha ngumu, na mimi ndiye ninayeigeuza kuwa ujumbe mfupi wa sauti wa kuwatumia wakulima na watu wa boti kwenye grupu. Juu kabisa kuna mvua. Halafu joto. Chini kabisa, mstari wa mwisho, kuna upepo na hali ya maji.

Mwanzoni nilikuwa naisoma yote. Watu wakalalamika. Madam, ujumbe ni mrefu. Madam, unamaliza bando. Madam, wewe tuambie tu kama mvua iko ama haiko. Na si wao peke yao. Baba yangu mzazi pale Kibirichia, tangu nimjue, hali ya hewa kwake ni maswali mawili: itanyesha, na je, kutakuwa na ile baridi inayochoma viazi? Hajawahi kuuliza upepo. Sisi watu wa mlima tukiona anga safi tunasema siku ni nzuri. Mambo yameisha.

Nikaanza kukata mstari wa mwisho. Mara ya kwanza nilijisikia vibaya kidogo. Mara ya nne sikuusoma hata mimi.

Leo asubuhi pale ufukoni Njeru aliniuliza, huku akiwavuta mbuzi kwa kamba, "Madam, leo kuko aje?"

Nikamjibu kwa ile sauti yangu ya ofisi: "Kuko kuzuri. Hakuna mvua."

Njeru si mjinga. Anaujua upepo wa kawaida wa alasiri na hujipanga kuukwepa. Lakini ana miaka miwili tu kwenye boti, kabla ya hapo alikuwa wa bodaboda. Ukweli ni kwamba huku hakuna mzaliwa wa maji. Hawakuhamia bwawani, bwawa ndilo lililowahamia. Shamba la babu yake Nyaga liko chini ya hayo maji, na miti yake haikukatwa. Imesimama humo mpaka leo, mikavu. Maji yakitulia unaziona ncha zake na unazipita kando. Mawimbi yakipanda huzioni, na boti ya mbao haihitaji kugongwa mara mbili.

Kwenye saa sita nilikuwa uani napepeta ndengu. Upepo ulikuja taratibu kutoka upande wa bwawa na, haki ya Mungu, nilifurahi. Upepo kwetu ni wa kupepeta. Nikainua ungo juu, makapi yakaenda zake, ndengu zikabaki safi, nikawa naimba. Nusu saa nzima nilikuwa naimba.

Kisha upepo ukauchukua ungo wenyewe. Ukautoa mikononi mwangu, ukaugonga kwenye ukuta wa choo.

Hapo ndipo nilipoukumbuka ule mstari.

Niliifungua taarifa kwenye simu. Upepo mkali wa kusini mashariki kuanzia Jumamosi mchana, kuendelea Jumapili. Mawimbi kwenye maziwa na mabwawa makubwa. Vyombo vidogo visiingie majini. Vyote hivyo vilikuwa pale tangu Alhamisi, kwa herufi nyeusi, nami nilivipita kama mtu anayepita mbele ya duka ambalo hana haja nalo.

Nikampigia Nyaga. Hapatikani. Bila shaka alizima simu alipokaa mbele ya wazee, ndivyo adabu ilivyo. Nikampigia Njeru mara sita. Ya saba akashika, na nikamwambia asithubutu kurudi leo.

"Lakini madam, huku kumetulia kabisa," akasema. "Hata jani halitikisiki."

Wueh! Wao wako chini ya kilima, upepo unawapita juu kwa juu. Wangeingia majini wakicheka, na wangekutana nao katikati, pale penye miti.

Akaendelea, bila ubaya wowote: "Na si ni wewe ulisema leo ni kuzuri?"

Ningeweza kusema taarifa imebadilika. Nilikuwa nayo hiyo sentensi mdomoni kabisa, imeshapangwa. Nikamwambia ukweli. Nilimwambia imeandikwa tangu Alhamisi na mimi ndiye niliyeikata.

Halafu nikaingia kwenye grupu nikasema hivyo hivyo kwa sauti yangu, watu wote wasikie: upepo mkali, mtu asivuke, kosa ni langu. Baada ya dakika mbili mkulima mmoja akajibu: "Asante madam. Na mvua je?"

Njeru alinipigia tena saa nane. Nyama bado iko jikoni, akasema, lakini mzee ameapa wakimaliza tu kula wanaondoka. "Mimi siwezi kumkataza. Ongea na yeye." Akampa simu.

Sijawahi kumwambia baba mkwe afanye jambo. Miaka tisa ya ndoa, tunaongea kwa salamu na habari za mifugo. Nilisimama wima pale uani kana kwamba ananiona. Nikamwomba alale huko.

"Mama Wanjira," akasema polepole, "mtu halali kwa wakwe wa mwanawe. Baba yangu hakulala. Unataka waseme nilikuja na mbuzi watatu nikalipwa kitanda?"

"Baba, kuna upepo."

"Upepo nimeuona tangu nizaliwe."

"Huu ulikuwa umeandikwa, Baba. Nikaufuta."

Nilisikia mbwa wa watu akibweka huko nyuma, na mtu akicheka.

"Ukaufuta kwa nini?"

"Kwa sababu hakuna mtu huuliza upepo."

Akasema, "Nimesikia." Simu ikakatika, na tangu hapo mtandao wa ng'ambo umepotea kabisa.

Nimesikia. Kwa baba mkwe neno hilo linaweza kuwa nimekubali. Linaweza pia kuwa nyamaza, mwanamke.

Kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili nilikuwa ufukoni. Ncha za miti hazikuonekana hata moja. Boti ndogo ya wavuvi iliyofungwa pale ilipigwa na mawimbi mpaka ikajaa maji ikakaa chini, kamba bado iko kwenye kigingi. Saa kumi na moja hivi nikaona kitu cha rangi ya machungwa kinaelea upande wa miti. Niliingia majini. Mimi, mtu wa waru, niliingia mpaka kiunoni na viatu vyangu, nikipiga kelele jina la mtoto wangu. Kilikuwa kifuniko cha ndoo.

Mama mmoja aliyekuwa anachota maji alinivuta kwa kanga niliyojifunga. Hakuniuliza kitu. Alinikumbusha tu kwamba mamba wako hapo.

Sketi yangu bado ni mbichi. Ninayaandika haya na sijui kama mtoto wangu yuko kwenye nyumba au kwenye maji. Hakuna boti ni habari njema au mbaya? Nimejiuliza swali hilo mpaka limekosa maana. Kama walitoka saa tisa, wangekuwa wamefika zamani. Kama walitoka saa tisa na hawajafika

Simu.

Ni Nyaga. Amepanda juu ya kilima kutafuta mtandao. Nainakili hapa kama ilivyo, kwa sababu nataka iandikwe mahali ambapo sitaweza kuifuta:

"Hatukutoka. Wote wazima. Wanjira amelala. Baba amekataa kuingia kwa nyumba. Amewekewa kiti nje karibu na zizi la mbuzi, anasema atakaa macho mpaka asubuhi. Anasema mtu ambaye hajalala, hajalala kwa wakwe."

Nimecheka. Nimecheka kwa nguvu mpaka kuku wakashtuka bandani, kisha nikalia vile nilivyosema nitalia.

Mzee wa miaka sabini na sita, kwenye kiti cha mbao, na suti yake ya kahawia, anapigana na usingizi usiku kucha ili asivunje mwiko wake na asiwazamishe watu wake. Nyaga anasema amekubali blanketi, kitanda hataki kukisikia. Hakuniambia neno moja la lawama. Ameibeba tu aibu niliyomtengenezea, akaipeleka nje akaikalia.

Upepo bado uko. Taarifa inasema kesho utaanza mapema kuliko leo, kabla ya saa nne, na kwamba maji yatatulia alfajiri tu. Nimeisoma mara tano, kuanzia mstari wa chini kwenda juu. Nimetuma ujumbe kwenye grupu na neno la kwanza ni upepo. Nimemwandikia Nyaga: ondokeni saa kumi na mbili kamili, mpite mbali na miti, kila mtu avae jaketi, hata mwenye suti. Mkiona povu jeupe hata moja, zungukeni kwa barabara, hata kama ni siku nzima, na mimi nitawapikia nikingoja.

Na kama taarifa imekosea? Na kama hayo maji hayatalala?

Sijui. Leo angalau sijakata hata neno.

Baba amekaa kwenye kiti. Mimi pia nimekitoa changu kimoja nje, nimekielekeza kwenye maji, na sitaingia ndani mpaka yeye arudi aingie hapa kwake.