Uji wa Mchana, Ramadhani

Jumanne, 19 Machi 1957
Vifungo kumi na viwili kabla ya adhuhuri. Nashona nimeegemea mto. Mshono wa tumbo unawasha tu, alhamdulillahi. Daktari alisema nyama za kizazi ziliota nje ya kizazi, akazitoa, kizazi chenyewe akakiacha. Miaka sita nilikuwa nikijikunja sakafuni kila mwezi. Hamisi kanifulia nguo tena. Fundi cherehani mzima, bila haya. Namshukuru Mungu kwa mume huyu.

Jumapili, 24 Machi
Mama mkwe kaja na samaki wa ziwani, kule Nyamyumba. Kawapara, kawapika, kanilisha. Kisha kasema waziwazi: wanaopasuliwa na Wazungu hurudi tumbo tupu. Kuna binti kijiji cha Rugerero, ametulia. Idi ikipita ataongea na Hamisi. Samaki nimewala hata hivyo. Watamu. Nimemchukia mama wa watu mpaka mwiba wa mwisho.

Jumanne, 2 Aprili
Ramadhani imeingia. Kidonda kimefumba, nimefunga. Hamisi hataki mke wa pili, kasema mara mbili. Lakini mama ni mama. Na kama daktari alinidanganya ili nitulie? Naogopa. Nitajua nikiona siku zangu. Sijaziona tangu nipasuliwe.

Jumatano, 10 Aprili
Saumu ya tisa. Bado. Mama mkwe anahesabu saumu zangu, namwona; aliye sikuni hafungi. Kila futari ananitazama mkono unaofika kwenye tende.

Ijumaa, 12 Aprili
Zimekuja! Alfajiri. Maumivu kidogo tu, nimesimama wima. Nimelia kwa shukrani. Saumu imevunjika, basi nikajificha nyuma ya jiko na uji wangu, kama tunavyofanya wanawake wote. Mama mkwe kanikuta saa nne, kikombe mdomoni. Kafungua kinywa anigombeze. Kakifunga. Kakaa juu ya kuni.
"Iko," kasema. "Kizazi yako iko. Kunywa, mutoto yangu. Mi naongeza sukari."

Jumapili, 14 Aprili
Uji kaupika mwenyewe leo, kauvusha uani mchana kweupe, majirani wakitazama. Binti wa Rugerero hakutajwa. Nimemsamehe, karibu kabisa.
Daktari hakuniahidi mtoto. Alisema tu sasa inawezekana. Inanitosha.
Jioni Hamisi kaleta kipande cha kitambaa cheupe kilichobaki kwenye kanzu ya mteja. Hakitoshi nguo ya mtu mzima. Nimekikunja, nimekiweka.