Shampeni ya Upande Wako

Baba,

Ile chupa tumeifungua. Ilikuwa Jumamosi mchana, hapa sebuleni kwetu, mtaani Tena, mbele ya wageni kumi na wawili, na nilizungusha chupa kama ulivyonifunza, si kizibo. Haikulipuka. Ilitoa pumzi tu.

Najua ungetaka nianze mwanzo. Unamkumbuka Wekesa, yule niliyekuja naye hospitalini ukamwambia ana mikono ya fundi. Ameniomba tuoane, nami nimekubali. Nina miaka arobaini na mmoja, Baba, na Mama amefurahi mpaka anasalimia majirani aliokuwa amewanunia. Lakini watu wa Wekesa ni wa Bungoma, na kwao hakuna kuoana kabla ya koo kujulikana, kwa sababu watu wa ukoo mmoja ni ndugu. Akaniuliza taratibu, akiona haya: ukoo wa mzee ni upi?

Ukoo huo mimi siujui. Wewe mwenyewe hukuujua.

Basi nikaenda Donholm kwa Shangazi Dorka, anieleze yote, si vile vipande ulivyokuwa ukinipa. Alisema ulikuwa wa miaka mitatu hivi. Mama yako alikuwa amepanga chumba huko Makadara, mlango wa pili kutoka kwa Roda, mama yake Dorka. Asubuhi moja alikuacha kwa Roda na kikapu cha nguo, akasema anaenda hospitali, atarudi Ijumaa. Hakurudi. Roda alimtafuta wodini, sokoni, kwa chifu. Mama yako alikuwa akiongea Kiswahili tu, kwa hivyo hakuna aliyejua ametoka wapi. Jirani mmoja alisema ni Mkamba, mwingine akaapa ni Mtaita. Roda akakulaza kitanda kimoja na Dorka, kichwa chako huku, chake kule. Dorka anasema ulikuwa unampiga mateke usingizini. Mpaka leo analalamika.

Halafu akaniuliza bwana harusi ni wa nani. Nilipomtajia ukoo wao alicheka. Ni ukoo wa baba yake yeye Dorka. Ukoo wa nyumba iliyokulea.

Unaona nilivyobanwa? Nikisema wewe ni mtoto wa nyumba ile, Wekesa ni ndugu yangu na harusi haipo. Nikisema si wa pale, nimekutoa kwenye nyumba pekee uliyokuwa nayo. Dorka alinishauri niseme sijui, basi, wazee waendelee kula. Nilijaribu kujizoesha neno hilo siku tatu. Nikaliacha. Nikamweleza Wekesa, naye akasema tutawaambia wazee ukweli, liwe liwalo.

Siku ya mahari kila upande ulikuja na pombe ya kwao. Wao walileta busaa. Kaka yake Mama alileta muratina kutoka Murang'a. Upande wako kulikuwa na kiti kitupu, na hakuna mtu wa kukupikia pombe. Ndipo nikaitoa kabatini ile shampeni uliyopewa hotelini ulikokuwa mhudumu, siku ulipostaafu, uliyoilaza katikati ya mablanketi ukatukataza hata kuisimamisha. Nikaiweka mezani karibu na kiti chako.

Kisha nikasema. Niliwaambia habari ya mama yako, ya Roda, ya Ijumaa ile. Dorka alikuwa amekaa na wao, kwa sababu walimwalika kama binti wa ukoo. Alikuwa akitazama viatu vyake.

Anayeheshimiwa zaidi kwao ni shangazi yake Wekesa, Mama Nafula, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya mto. Akaniuliza, ulipotahiriwa ni mjomba gani aliyekuchinjia fahali. Nikasema hakuna, Roda alikupeleka hospitali. Uligawiwa shamba? Hapana. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi huyo tulimlea. Hatukumzaa, na hatukumwingiza kwenye ukoo. Hawa waoane."

Watu wakapiga makofi. Wekesa akanishika mkono. Nami, Baba, nilikuwa natazama kile kiti. Nimepata mume, na wewe umetolewa nje kwa maneno machache. Nilishindwa hata kutabasamu.

Ndipo Dorka akachukua mkoba wake, akainuka na magoti yake yale mabovu, akavuka zulia, akakaa kwenye kiti chako.

"Dorka, umepotea?" Mama Nafula akamwuliza. "Sisi tuko huku."

"Sijapotea. Huyo amenipiga mateke miaka kumi. Nyinyi amueni mambo ya ndoa. Ndugu yangu namjua mwenyewe."

"Yaani leo blanketi tunalompa shangazi wa bibi harusi tukupe wewe, mtu wetu?"

"Mtanipa. Na liwe zito."

Sebule nzima ilicheka, na mimi nikalia, na Mama akasema nisiloweshe chapati.

Tulikunywa kwa vikombe vya chai, Dorka wa kwanza. Nikawaeleza jinsi ulivyokuwa ukituletea kila Krismasi shampeni iliyobaki chini ya chupa za wageni wa hoteli, chupa imefungwa kwa gazeti, tunaonja kwa kijiko, na kabla ya kuonja lazima tufumbe macho tutaje harufu. Mara moja nilisema mandazi. Mama alinicheka, wewe ukasema, "Mwache. Ameipata."

Sasa nimeinywa kikombe kizima, Baba, si ya mwisho wa chupa. Mapovu ni madogo kama mchanga. Kwanza unapata mkate unaotoka jikoni, halafu tufaha bichi, na mwishoni chumvi kidogo ambayo hukuwahi kunitajia. Mama Nafula alisema inakwaruza ulimi, akasogeza kikombe aongezewe. Mama alinusa chake kabla ya kunywa. Akasema miaka yote alikuwa akifua makoti yako yananuka kitu hiki, na leo ndio amejua ni kitamu.

Karatasi ya makubaliano iliandikwa mezani hapo hapo. Mahali pa ukoo wako pamebaki wazi. Nakuahidi sitapajaza kwa kubahatisha, na nitaendelea kumuulizia mama yako, polepole, kwa yeyote mzee aliyebaki Makadara.

Chini yake ni mahali pa shangazi wa bibi harusi, na uhusiano wake na marehemu. Dorka aliiomba kalamu aandike mwenyewe. Akaandika: ndugu wa tumbo moja. Mama Nafula akasoma. Akavaa miwani, akasoma tena. Kisha akatia sahihi.

Pumzika vizuri, Baba.

Binti yako,
Rehema