Damu Haifiki Miguuni

Kwa dada yangu mpenzi,

Nakusalimu sana, na mkono nakupa ijapokuwa ni kwa karatasi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifua kimetulia na lile jino limeacha ukorofi wake. Ukipenda kujua hali ya huku, mimi natembea na nakula. Shemeji yako kidonda kimefunga na daktari ameridhika. Magongo ameyazoea, ingawa na kizingiti cha uani bado wanagombana. Ameanza kushona tena, kidogo kidogo, suruali za kupunguza na vishikizo. Cherehani anaikanyaga kwa mguu mmoja uliobaki, na inakwenda, ila mwenyewe anasema imekuwa kama punda mzee, hatua mbili kisha inasimama kufikiri.

Barua yako niliipata Jumamosi. Unajua mimi shule niliishia darasa la nne, na mwandiko wako umelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, kwa hiyo niliisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Mara ya kwanza niliisoma nimesimama. Mara ya pili nilikaa chini. Umeniomba radhi, dada. Wewe mkubwa wangu, uliyenibeba mgongoni, umeniandikia kurasa tatu za kuniomba radhi kwa sababu ya mwanao. Umesema Chiriku wetu hasemi tena, anakaa tu na mikono mapajani. Umesema hata mjukuu wako hataki kumwogesha, eti mikono yake inaunguza. Umesema ulimpiga kofi mbele ya watu, na kwamba chuo cha uuguzi kinafunguliwa baada ya wiki mbili lakini bila barua ya zahanati hawampokei, na yeye mwenyewe anasema hafai kwenda.

Nataka nikueleze yote tangu mwanzo. Wewe ulikuja siku ya kumchukua mwanao tu, ukakuta mguu umeshakatwa na maneno yameshasemwa.

Shemeji yako miaka yote hiyo anakaa kitini tangu asubuhi. Sigara mdomoni, pini mdomoni, na sukari ya mwilini nayo haina adabu. Ikafika mahali akitembea kutoka hapa mpaka dukani anasimama mara tatu, anashika ukuta, anajifanya anasoma matangazo. Vigimbi vya miguu vinambana. Usiku vidole baridi kama vya samaki. Mimi nilikuwa nampaka mafuta nikimwambia ni uzee. Chiriku alipokuja kukaa kwetu ili awe karibu na ile zahanati ya kujifunzia kazi, alimtazama siku moja tu. Akamwinua miguu juu ya kigoda, akabonyeza kidole gumba, akahesabu rangi inachukua muda gani kurudi. Akasema, baba mdogo, damu yako inafika magotini halafu inageuza kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa.

Akampeleka kwa daktari, vidonge vikaandikwa, na nyumbani akaanza utawala wake. Sigara hakuna. Soksi zenye mpira wa kubana akazikata mwenyewe kwa mkasi wa fundi. Kukunja mguu juu ya mguu marufuku. Kila akimaliza vazi moja, ainuke. Akikaa, avute vidole vya miguu juu na kuvishusha, mara ishirini, kama anakanyaga cherehani isiyokuwepo. Jioni watembee mpaka kwenye bomba la maji na kurudi. Kigimbi kikiuma asimame, kikipoa aendelee. Wateja walikuwa wanacheka, wanasema fundi amepata mkuu wa gwaride. Yeye naye anajibu kwamba bora gwaride la mguu kuliko mazishi ya mguu.

Na kila asubuhi kabla hajaenda zahanati, Chiriku alimwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu aliyoyapima kwa kiwiko. Anafuta katikati ya vidole, kisha anachukua kile kioo changu kidogo cha mkononi anakishika chini ya unyayo, kushoto na kulia, anatafuta mchubuko. Alitukalisha wote wawili akatueleza kwamba mguu wa namna hii hausikii. Ukichomwa na pini hausemi, ukiungua haulii. Kwa hiyo macho ndiyo yausemee. Akatukataza kitu chochote cha moto, chupa, tofali, kitambaa cha pasi. Alirudia mpaka tukamcheka.

Dada, ilifanya kazi. Miezi mitatu tu, mwanamume akaenda sokoni na kurudi bila kusoma tangazo hata moja. Kidole gumba kikapata rangi. Mtaa mzima ukasikia sifa. Akawaambia wateja kwamba mikono ya mtoto huyu ina baraka, na mimi nikiwa pale pale napiga pasi kola, akaongeza, mama huyu alikuwa ananipaka mafuta kama mtu anayepaka bawaba za mlango zisilie. Wakacheka. Na mimi nikacheka. Miaka ishirini na sita nimeishi na miguu ile, dada. Kola ile nikairudia kuipiga pasi mara mbili.

Yaliyofuata uliyasikia. Jumamosi ile Chiriku alirudi kutoka vijijini walikokwenda siku tatu kuchanja watoto. Kabla hajanywa maji akamvua baba yake mdogo soksi. Alipiga ukelele mmoja. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimefunguka, ngozi imevimba na kuchunika, na harufu imeanza. Tukakimbia hospitali. Daktari akasema hili ni jeraha la moto, la siku tatu au nne, na damu haifiki ya kuliponya. Akauliza nani anamwosha. Tukahesabu siku kurudi nyuma, ikaangukia Jumatano. Shemeji yako akasema ukweli wake, kwamba Jumatano asubuhi alimwosha Chiriku, lakini maji yalikuwa ya moto au baridi yeye hawezi kuapa, mguu wenyewe hausikii. Muuguzi mkuu wa zahanati alikuwa ametusindikiza. Akamgeukia mtoto. Na Chiriku, aliyekuwa haachi kusema hata anapotafuna, akasema kwa sauti ndogo kwamba asubuhi ile gari la chanjo lilikuwa linapiga honi, alikuwa na haraka, labda hakupima.

Muuguzi mkuu akasema mtu asiyepima maji hawekwi karibu na mgonjwa. Barua aliyokuwa amemwandikia ya chuo akairudisha kwenye droo yake pale zahanati. Wiki mbili baadaye mguu ukakatwa chini ya goti. Wewe ukaja, ukamchukua mwanao amefunika uso kwa mtandio, kama mtu aliyekamatwa.

Sasa dada yangu, kaa chini, na kama kuna watu hapo watoke kwanza.

Maji ya Jumatano asubuhi yalikuwa sawa. Nilikuwepo. Nilimwona ameinama, kiwiko kwenye beseni, honi inapiga naye anamjibu dereva kwamba asubiri, baba yake mdogo si kifurushi. Alipima. Mtoto alipima, kisha hospitalini akasahau kwamba alipima, kwa sababu watu wazima wote tulikuwa tunamtazama.

Mchana ule mvua ilinyesha. Shemeji yako alikula, akajilaza kwenye kochi, akasema miguu imekuwa barafu, Chiriku akirudi Jumamosi tumwulize tufanyeje. Nikasema moyoni, yaani nisubiri mtoto wa juzi aje aniruhusu kumpasha joto mume wangu? Alipopitiwa na usingizi nikachukua chupa ya kioo ya sharubati, nikaijaza maji yaliyokuwa yanachemka, nikaizungushia kipande cha flana kilichobaki kwenye kazi, nikaiweka miguuni pake, nikamfunika shuka. Nilitaka aamke miguu ina joto. Nilitaka nimwambie hii ni mikono yangu.

Kisha jirani yangu muuza mitumba akanipigia hodi nimsaidie kuingiza nguo zake, mvua ilikuwa inazidi. Nikaenda. Nikakaa kwake, nikamsimulia jinsi ninavyojua kumtunza mume wangu. Nilijisifu, dada. Niliporudi flana ilikuwa imeteleza, kioo cha chupa kimelala moja kwa moja kwenye kisigino, na yeye anakoroma. Ngozi ilikuwa nyekundu, na katikati nyeupe kama karatasi iliyolowa. Nikaitoa chupa. Nikamvisha soksi. Alipoamka akasema leo amelala usingizi mzuri, nami nikamletea chai.

Alhamisi na Ijumaa Chiriku aliniachia mimi kumwosha. Aliniagiza mlangoni, mama mdogo, usisahau kioo. Sikukisahau. Nilikishika chini ya unyayo, nikaona lengelenge, na Ijumaa nikaona limepasuka. Siku zote mbili mume wangu alipouliza pakoje, nilimjibu pako salama. Nilidhani litanyauka lenyewe. Nilipaka mafuta. Hospitalini nikasema macho yangu hayaoni vizuri, na daktari akanihurumia. Kisha nikaongeza neno ambalo hakuna aliyeniuliza. Nikasema maji ya Jumatano niliyaona yanatoa mvuke. Baada ya hapo ndipo mwanao aliposema labda hakupima. Mimi ndiye niliyemtia hilo labda mdomoni, na hajalitema mpaka leo.

Umeniandikia kwamba mtoto wa dada ni mtoto wako. Naam. Mama gani anamwona mwanawe anazama naye anashika kamba anaificha nyuma ya mgongo? Miezi minne nimepokea pole za watu. Wameniletea unga na sabuni, wamenisifu kwa uvumilivu, na mimi naitikia ahsante. Ningeendelea, sikufichi. Kilichonishinda ni radhi yako. Shemeji yako aliniuliza dada ameandika nini, nikamsomea. Akasema mwandikie mtoto nimemsamehe, aende chuo, ni bahati mbaya. Nikashindwa kushika kalamu. Nikamwambia.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikuwa anatia uzi kwenye sindano, akautia, akafunga fundo. Akauliza swali moja, Alhamisi uliposhika kile kioo, uliona? Nikasema niliona. Akasema basi si chupa iliyonikata mguu. Chupa ni ujinga, na ujinga tunao sote. Kisha akaniambia mguu huu mwingine nisiuguse tena maisha yangu. Tangu siku hiyo anajiosha mwenyewe. Anafunga mlango, namsikia anavuta beseni, kisha kimya kirefu, najua anapima kwa kiwiko. Anavuta vidole juu na chini, anahesabu kwa sauti mpaka ishirini.

Jumatatu nilikwenda zahanati kwa miguu yangu. Nilisema mbele ya muuguzi mkuu na wale wasichana wawili wa mapokezi, maana aibu ya mtoto haikuwa ya faragha. Muuguzi mkuu hakunikaripia. Alifungua droo, akaitazama ile barua ya zamani, akaichana, akaandika nyingine mpya papo hapo na kuipiga mhuri. Kisha akasema mimi ni mgonjwa wa aina ambayo wao hawana dawa yake, akaita mtu anayefuata. Barua hiyo imo ndani ya bahasha hii. Ameandika kwamba msichana huyu alipima maji. Ameyaandika maneno hayo hayo, nimeyasoma mwenyewe kwa kidole.

Dada, mpe mkononi. Umsomee na hii yangu, kila neno, usiruke pale panapochoma. Wale uliompigia kofi mbele yao, waite tena uwasomee. Kofi lile ni langu, ukija nitageuza shavu. Asipoamini, mwambie ajikumbuke ameinama na dereva anapiga honi, alivyosema baba yake mdogo si kifurushi. Hayo maneno aliyasema kiwiko kikiwa majini. Mwambie amchukue mjukuu wako amwogeshe leo leo, na wewe usisimame mlangoni kuchungulia.

Radhi yako nakurudishia, sina haki ya kukaa nayo. Yangu siiombi kwenye barua hii, isije ikawa kama nimelipa kwa kuandika. Kama utanikata, nitajua ni halali. Kama utakuja kunitukana, mlango uko wazi, na maji ya kunywa nitakuwekea mbali nami.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo, wale watakaotaka kupokea. Shemeji yako ni mzima, lakini salamu zake hakunipa mimi. Amesema atamwandikia Chiriku mwenyewe, na bahasha ameninyima nisimfungie.

Ni mimi mdogo wako,
mama mdogo wa mtoto aliyepima maji.