Baiskeli Bila Madigadi

Iringa, Alhamisi, Machi 1956

Na siyarudishi hayo madigadi. Asubuhi mume wangu ameikuta baiskeli yangu uani akasema, “Mama Tabitha, umeivua nguo. Mwalimu mzima utaingia darasani na matope mgongoni?” Nikamjibu kwamba gauni hufuliwa.

Yeye ya kwake ameifungia madigadi mapya yanayong'aa. Mimi nimechagua gia kubwa ya nyuma, ya kupandia mlima, na matairi yenye meno. Madigadi na kava la cheni nimemwachia fundi wa Kihesa. Nimebakiza kengele tu.

Naogopa, sikatai. Gauni linaweza kunaswa na cheni, halafu wazazi wa wanafunzi wananitazama sana.

Lakini jioni, njia ya Kilolo, baada ya mvua, udongo ule mwekundu unanata kama ugali. Mbele yangu nikaona mwanamume amebeba baiskeli begani. Matope yamejaa chini ya madigadi yanayong'aa mpaka magurudumu hayazunguki. Kumbe ni Baba Tabitha.

Nilimpita nikikanyaga pedali polepole, matope yakinirukia hadi kisogoni. Alisogea pembeni kunipisha.

Mimi nilipiga kengele.