Nukta Nyekundu za Darasa la Saba

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: kifo cha Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi ya umma, baada ya mkutano wa wazazi
Shahidi: mwalimu wa hesabu wa darasa la saba, shuleni anaitwa Mwalimu Sehemu
Jinsia: mwanamke
Umri: miaka arobaini na sita
Makazi: nyumba za walimu, nyuma ya shule hiyo

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Watoto wananiita Mwalimu Sehemu kwa sababu siwaachii mpaka wajue kujumlisha sehemu, na jina lenyewe nimelizoea. Hapa kituoni sikuitwa, nimekuja kwa miguu yangu. Tangu Jumapili mtaa mzima unasema Mwalimu Mkuu amekufa akificha madudu yake. Maneno hayo yananichoma, maana alichokuwa anakificha nakijua.

Afande, naomba uniache niseme kwa mpangilio wangu, ukinikatiza nitapotea.

Mimi na marehemu tulifundisha pamoja miaka mingi. Nyumbani nilimwita dada, shuleni Mwalimu Mkuu, na watoto walimwita Bibi Geti kwa kuwa kila asubuhi, mvua au jua, ungemkuta amesimama getini akisalimia mmoja mmoja. Shule yetu imeshika mkia kwenye matokeo miaka mitatu mfululizo. Hilo kila mtu analijua, na wengine wanalijua kwa furaha. Wasichokijua ni kwa nini.

Shule zenye jina kubwa zina tabia yao. Mtihani wa mwisho ukikaribia, mtoto anayeonekana mzito anaitwa ofisini na mzazi wake, wanaambiwa kwa sauti tamu, "Mtafutieni shule itakayomfaa." Mzazi atazunguka na barua ya uhamisho mpaka soli za viatu ziishe, na kila anakofika anaambiwa darasa limejaa. Mwisho anafika kwetu. Kwetu darasa halijai. Mwalimu Mkuu alikuwa anampokea mtoto pale pale getini, anamshika mkono, anamleta darasani kwangu na kuwaambia wenzake, "Huyu ni wetu, alichelewa tu." Imeisha hiyo. Ilikuwa marufuku kumuuliza ametoka wapi. Mwalimu mmoja mgeni aliwahi kuwaita wahamiaji, akasemwa siku hiyo mpaka akakosa pa kuweka uso.

Mimi nilikuwa nabishana naye. Nilimwambia, "Dada, hawa wanatushusha. Wenzetu wanatutupia sisi, halafu wao ndio wanapewa vikombe." Akaniambia, "Haya, wewe bingwa wa kutoa, nenda darasani ukanitolee mmoja. Nionyeshe ni yupi." Nikachukua chaki zangu nikaenda kufundisha. Nilikuwa nawapenda wote, watundu wale.

Mwezi uliopita ofisi ya elimu ikaleta uamuzi kwamba matokeo yasomwe mbele ya wazazi, kisha Mwalimu Mkuu ahamishwe, darasa la saba lifungwe na watoto wagawanywe shule za jirani. Wagawanywe, jamani! Warudishwe kule kule walikofukuzwa. Dada hakulia kwa ajili ya kuhamishwa, ila hilo la kugawanywa lilimtoa machozi mbele yangu.

Ofisi ikamtuma binti mmoja wa takwimu aje kuchambua matokeo yetu. Ni binti mwenye adabu, mwenye miwani, muda wote karanga mfukoni. Nilimdharau mwanzoni, nikajua ni wale wale wa kujumlisha na kugawanya kwa idadi. Kumbe siyo. Kila mwanafunzi ana namba anayopewa darasa la kwanza, na namba hiyo haimwachi hata akihama. Yule binti alizifuata zile namba. Akaangalia kila mtoto alifanyia wapi mtihani wa darasa la nne na alipata nini, kisha akalinganisha na mtihani wa majaribio wa mwaka huu. Sisi hatukumwambia kitu. Aligundua mwenyewe kwamba karibu nusu ya darasa langu hawakuanzia kwetu.

Siku ya Jumamosi, saa tatu asubuhi, kabla ya mkutano, aliniita kwenye chumba cha walimu akanionyesha kwenye kompyuta yake mchoro wa nukta. Za bluu ni watoto walioanzia kwetu, na zilikuwa juu, juu kuliko shule nyingi zenye majina. Nyekundu ni waliopokelewa. Hizo zilikuwa chini, lakini kila moja ilikuwa imepanda kutoka ilipokuwa darasa la nne. Kila moja, afande. Hakuna iliyoshuka. Nilimkumbatia yule binti mpaka miwani ikamtoka. Nikasema, "Leo watakoma!" Nikamshauri amwonyeshe Mwalimu Mkuu kwanza. Akasema, "Hapana, Mwalimu, acha nimtoe kimasomaso mbele ya watu."

Kwenye kompyuta, pembeni ya kila nukta nyekundu kulikuwa na alama ndogondogo kama sisimizi. Sikuzitilia maanani.

Mkutano ulianza saa nne na kitu ukumbini. Ukumbi wetu una jukwaa la saruji lenye ngazi pembeni. Ukutani tulitundika shuka jeupe, projekta tukaiweka juu ya meza pale pale jukwaani. Watoto hawakualikwa, lakini nani atamzuia mtoto wa darasa la saba asichungulie mkutano unaomhusu? Walijaa madirishani, vichwa juu ya vichwa.

Mchoro wa kwanza ulikuwa wa wastani wa shule zote, na sisi tulikuwa wa mwisho. Watu wakaguna. Fundi magari, yule ambaye gereji yake inatazamana na geti letu, akasimama akauliza, "Kila mwaka mkiani, kwani humo ndani mnafundisha au mnasuka mikeka?" Watu wakacheka. Hata mimi karibu nicheke, kwa sababu nilijua kinachokuja.

Ukaja mchoro wa pili. Ukutani zile alama hazikuwa tena sisimizi, kila moja ilikuwa na ukubwa wa kiganja. Zilikuwa namba za wanafunzi. Binti aliziweka ili kazi yake iweze kuhakikiwa, na kwa ofisini ni sawa, kule namba ni namba. Lakini watoto wetu wanaandika namba hizo juu ya kila karatasi ya mtihani. Wanazijua kama wanavyojua majina yao. Binti akaanza kusema, "Hizi nyekundu za chini," na hapo hapo nikasikia dirishani sauti ya mtoto ikisoma tarakimu moja moja, kisha ikakatika.

Mwalimu Mkuu aliisikia pia. Alipanda jukwaani mbio, mama wa umri ule, akasimama mbele ya projekta akatanua mikono. Nukta zote zikamwangukia kwenye blauzi yake nyeupe. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa, kwa hiyo maneno yao niliyasikia.

Alisema, "Zima, binti. Wanaziona namba zao."

Binti akasema, "Lakini mama, mchoro huu ndio unaokutetea."

Akamwambia, "Najua. Zima."

Binti akabaki anautazama mchoro. Ndipo Mwalimu Mkuu akachomoa waya wa umeme mwenyewe.

Waliokaa nyuma hawakusikia neno. Walichokiona wao ni mwalimu mkuu wa shule ya mwisho anazima matokeo. Ukumbi ukalipuka: "Anaficha! Anaficha!" Fundi magari akapanda mori, akaruka jukwaani, akaukamata ule waya akisema, "Tuonyeshe! Watoto ni wetu, ni haki yetu!" Mwalimu Mkuu alimwambia, "Kaa chini, baba." Hakusema zaidi ya hapo.

Angeweza kuyamaliza yote kwa kutaja jina moja. Fundi yule binti yake alikataliwa kwenye shule yenye jina mwaka jana, mama yake akazunguka naye wiki nzima, mwisho akamleta kwetu analia. Binti yake alikuwa mmoja wa zile nukta nyekundu, na alikuwa dirishani. Dada alijua. Alimtazama yule baba usoni, akaushikilia waya.

Umeniuliza kama fundi alimsukuma. Hapana. Sitasema nisichokiona. Nilimwona akivuta waya, na Mwalimu Mkuu akivuta upande wake. Ukamponyoka mkononi. Alirudi nyuma hatua kadhaa, jukwaa likamwishia, akaanguka chali na kisogo kikapiga pembe ya ngazi. Sauti ile bado iko masikioni mwangu. Fundi ndiye aliyembeba mpaka kwenye gari lake, ndiye aliyetupeleka hospitali, na njia nzima alikuwa anasema, "Mama, nisamehe, mama." Alfajiri ya Jumapili daktari akatuambia amefariki.

Mimi nimeumia, afande. Nataka iandikwe kwamba hakuwa anaficha aibu yake. Kama angekuwa anajitafutia sifa, sifa zilikuwa ukutani, zinamsubiri. Na yule binti wa takwimu asionewe, kazi yake ilikuwa ya kweli na nia yake njema. Analia tangu siku ile, hali wala hasemi.

Jana Jumatatu nilisimama getini mimi, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine. Binti wa fundi akaja, sare imepigwa pasi vizuri, macho yamevimba. Nilidhani ataniuliza habari za baba yake, mnayemshikilia humu ndani. Hakuniuliza. Alinisogelea kabisa akasema, "Mwalimu, mimi nilikuwa nukta ipi?"

Nilikuwa nimeiona. Ilikuwa ya tatu kutoka chini. Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Bibi Geti alizima kabla sijaona."

Nimemwambia mtoto uongo, na wewe uandike hivyo hivyo. Nikamshika mkono nikampeleka darasani.

Niliyoyaona na kuyasikia yanaishia hapo. Nimesomewa yote, ni yangu, sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya afisa: Shahidi ameandikiwa na kusomewa maelezo haya Jumanne, saa tano asubuhi. Aliombwa orodha ya wanafunzi wote waliokuwa na nukta nyekundu, akakataa. Alipoulizwa mara ya pili alijibu, "Ni wetu, walichelewa tu." Sikumlazimisha. Jalada linaendelea bila majina hayo.